Walipoiacha Ndege ya Kisumu

Mzee Odongo ni fundi wa kujenga nyumba. Mke wake, Beldina, anauza omena, dagaa wa ziwani, sokoni Otonglo mjini Kisumu, kando ya barabara ya Busia. Kila asubuhi Odongo humbebea mkewe gunia la omena mpaka kwenye meza yake. Kisha huchukua mwiko wake na kwenda kazini. Hawana mali nyingi, lakini walisomesha. Binti yao, Maryanne, ni muuguzi.

Maryanne alimaliza chuo miaka minne iliyopita. Tangu hapo hakupata kazi ya kudumu. Alijitolea katika zahanati bila mshahara. Alituma barua za maombi mpaka akachoka kuzihesabu. Mwaka huu, hospitali moja ya Muscat, nchini Oman, ilimkubali. Barua ilisema aripoti Jumatatu asubuhi. Asipofika, nafasi itapewa mtu mwingine.

Odongo aliuza ng'ombe wawili. Maryanne akanunua tiketi kwa simu, ile ya bei ya chini kabisa. Ilikuwa tiketi moja yenye ndege mbili. Jumamosi saa mbili asubuhi, ndege ndogo kutoka Kisumu mpaka Nairobi. Jumamosi hiyo hiyo saa kumi na moja jioni, ndege kubwa kutoka Nairobi mpaka Muscat.

Boma lote lilifurahi. Na furaha hiyo ndiyo iliyowaponza.

Kwetu mtu haendi ng'ambo kimyakimya. Ni lazima asindikizwe. Mashangazi waje, kwaya iimbe, pasta aombe, picha zipigwe. Huo ni upendo, wala sisemi ni kitu kibaya. Jumatano jioni jamaa walikutana kupanga safari.

"Hapa Kisumu tutamsindikiza namna gani?" Odongo aliuliza. "Anaingia mlangoni, dakika moja amepotea. Hiyo ni kusindikiza kweli?"

"Sasa unataka tufanye aje, Baba Maryanne?" Beldina akauliza.

"Pasta amekubali kutupatia gari ya kanisa. Twende sisi wote mpaka Nairobi. Tukitoka hapa alfajiri, saa saba tumefika. Hiyo ndege ndogo ya Kisumu iende bila yeye. Kwani ni lazima?"

Maryanne alisita. "Baba, tiketi ni moja. Si tupigie watu wa ndege simu kwanza?"

"Nyathina, mtoto wangu, simu ya nini? Pesa yote tumelipa. Ukilipa basi ya kutoka Kisumu mpaka Nairobi, halafu upandie njiani, pale Ahero, konda atakukataza?"

Watu walicheka. Maneno yale yalionekana ya busara. Maryanne hakutaka kumbishia baba yake mbele ya watu. Laiti angembishia!

Jumamosi walisafiri watu kumi na wanne. Waliimba kutoka Otonglo mpaka Nairobi. Walifika uwanja wa ndege saa saba mchana, saa nne nzima kabla ya ndege kuondoka. Odongo alitazama saa yake akatabasamu. Pasta aliomba. Picha zilipigwa. Beldina alimkumbatia binti yake mara tatu. Kisha Maryanne akaingia ndani na sanduku lake.

Baada ya muda mfupi alitoka. Sanduku alikuwa nalo bado.

"Yawa! Umesahau nini?" Beldina aliuliza.

"Wanasema sina tiketi," Maryanne akajibu.

Odongo alikwenda mlangoni kwa hasira. Mfanyakazi wa shirika la ndege alitoka kuzungumza naye.

"Mzee, binti yako hakupanda ndege ya Kisumu asubuhi," alisema. "Abiria asipopanda ndege ya kwanza, na hajatuambia, kompyuta inafuta ndege zote zinazofuata kwa tiketi hiyo."

"Lakini si tuko hapa! Tumekuja mapema!"

"Nakuona, Mzee. Lakini tiketi ilifutwa asubuhi."

"Basi tulipe faini."

"Tiketi yake ni ya bei ya chini. Haibadilishwi baada ya ndege kuondoka. Itabidi anunue ingine. Ya leo ni karibu mara tatu ya ile aliyonunua."

Walichanga palepale. Wanakwaya walitoa pesa zao za chakula. Mashangazi walifungua vitambaa walivyofungia pesa. Hawakufikisha hata nusu.

Saa kumi na moja walikuwa bado wamesimama mahali pa kuegesha magari. Ndege ziliruka, moja baada ya nyingine. Hawakujua ni ipi ya Muscat, kwa hiyo walizitazama zote. Beldina alilia kwa sauti kama aliyefiwa. Maryanne hakulia. Aliandikia hospitali kupitia simu, akaomba wamsubiri siku tatu.

Waliporudi Kisumu, hakuna aliyeimba. Jumatatu mchana jibu lilikuja. Nafasi ilikuwa imepewa mtu mwingine.

Siku zilizofuata zilikuwa mbaya sana. Odongo aliacha kwenda kazini. Hakula vizuri. Maryanne alilala akiwa ameelekea ukuta, hata mchana. Baba na binti walipishana mlangoni bila kusemezana. Majirani waliacha kuja, maana hawakujua waseme nini. Majuto ni mjukuu, na mjukuu huyu alihamia kabisa katika nyumba ile.

Mwishowe Beldina alisema, "Nendeni Mamboleo kwa Wakhisi, yule anauza tiketi za ndege. Angalau mjue mlikosea wapi."

Wakhisi aliwakaribisha ofisini kwake. Aliisoma tiketi yao.

"Mzee, basi na ndege ni vitu viwili tofauti," alisema. "Tiketi ya ndege mbili au tatu ni mnyororo. Ukikata pete ya kwanza, zote zinaanguka. Hata ndege ya kurudi nyumbani inafutwa."

"Sasa tungefanya nini?" Odongo aliuliza.

"Mngepiga simu kabla ya ndege ya Kisumu kuondoka. Hata siku moja kabla. Mngesema: tunataka apandie Nairobi. Wangewaambia kama inawezekana na ada ya kubadilisha ni ngapi. Mngelipa hiyo ada, na kama bei ya tiketi imepanda, mngeongeza tofauti. Inauma, lakini tiketi inabaki hai."

"Na tiketi zote ni hivyo?" Maryanne aliuliza. Hilo lilikuwa swali lake la kwanza kwa wiki mbili.

"Hapana. Kila tiketi iko na sheria yake. Ingine inabadilishwa bure. Ingine kwa ada. Ingine haibadilishwi kabisa, na mara nyingi hiyo ndiyo ile ya bei ya chini. Soma sheria kabla ya kulipa. Usipoelewa, uliza. Na wakikubali kubadilisha, waambie wakutumie kwa maandishi."

"Hakuna kitu tunaweza kuokoa?" Odongo akauliza.

"Kazi siwezi kurudisha, Mzee. Lakini mara nyingine kodi za uwanja wa ndege hurudishwa kama mtu hakusafiri. Waandikieni watu wa ndege."

Waliandika. Baada ya wiki sita walirudishiwa pesa kidogo. Hazingenunua hata mbuzi.

Mwezi wa kumi, Lornah, binti wa jirani yao Nakhumicha, alipata kazi ya upishi Doha. Naye alikuwa na tiketi ya kuanzia Kisumu. Siku mbili kabla ya safari, Nakhumicha alilazwa hospitalini kwa shinikizo la damu. Odongo alikwenda kumjulia hali. Akamkuta Lornah kando ya kitanda.

"Siwezi kuacha mama hivi," Lornah alisema. "Hiyo ndege iende tu. Mama akipona nitaenda, nitawaeleza."

Odongo alishtuka. "Utawaeleza wapi? Toa simu. Piga sasa hivi! Piga kwa tajiri wako, halafu piga kwa watu wa ndege. Usingoje kesho!"

Lornah alipiga. Tajiri alimpa wiki moja. Shirika la ndege lilibadilisha tarehe kwa ada, na likamtumia ujumbe wa kuthibitisha.

"Ni pesa mingi, Mzee," Nakhumicha alinung'unika kitandani.

"Ni mingi," Odongo alijibu. "Lakini muulize Maryanne ile ya kuacha ndege bila kupiga simu ni ngapi."

Wiki iliyofuata Nakhumicha alikuwa amerudi nyumbani. Lornah alisindikizwa mpaka uwanja wa ndege wa Kisumu tu. Waliomba hapo hapo nje ya lango, wakaimba wimbo mmoja, akaingia. Maryanne alikuwepo. Alimbebea Lornah sanduku.

Siku ya pili Lornah alituma ujumbe kwamba amefika salama. Odongo aliusoma, kisha akakaa karibu na binti yake.

"Nyathina, nisamehe," alisema. "Uliniambia tupige simu, nikafanya watu wakucheke."

"Nimekusamehe, Baba," Maryanne alisema. Machozi, yale yaliyokataa kutoka Nairobi, yalimtoka sasa. "Lakini hiyo kazi ilikuwa yangu."

Odongo alimshika mkono, wakalia pamoja.