Mshauri wa Simu za Lushebere

Kila asubuhi, kijijini Lushebere, Nishimwe alichota maji, akafagia mbele ya nyumba, kisha akaiweka simu yake juani, karibu na paneli ndogo ya jua ya kuchajia, huku akinywa uji. Simu hiyo aliachiwa na kaka yake. Kioo chake kilikuwa kimepasuka pembeni, lakini kwa Nishimwe ilikuwa shule ya pili. Aliitumia kusoma habari za simu nyingine na za programu mpya.

Njiani kwenda shule wenzake walimzunguka. Huyu aliuliza kwa nini simu ya baba yake inapata moto, yule alitaka kujua ni ipi inayopiga picha nzuri. Nishimwe alikuwa na maoni juu ya kila kitu. Alisema ubora wa kamera haupimwi kwa wingi wa macho yaliyo mgongoni mwa simu. Alisema zile programu zinazojisifu kwamba zinasafisha simu hazisafishi chochote, zinaleta matangazo tu. Mengi kati ya hayo yalikuwa kweli, maana alisoma sana na kujaribu mambo kwa mikono yake. Lakini alipoulizwa jambo asilolijua, alijibu kwa sauti ileile ya mtu anayejua.

Alasiri moja Mama Nyiransengimana alikuja na simu yake mkononi. Aliishi kambini, chini kidogo ya nyumba yao, tangu vita vilipomkimbiza kutoka Kashuga. Katika kukimbia huko alipotezana na binti yake, Tumukunde. Baadaye habari zilifika kwamba msichana yuko Pinga, kwa shangazi yake, na mwendesha pikipiki mmoja waliyemfahamu alikubali kumleta. Tumukunde angepiga simu kusema siku ya safari, na mama yake angeenda kumpokea mjini Masisi.

"Simu yangu iko nzito sana," mama huyo alisema. "Nikiigusa, inakwama. Naogopa mutoto atapiga, mi nishindwe kujibu."

Nishimwe aliipokea, akaona ujumbe wa Kifaransa ukisema programu mpya inangoja kuwekwa. Akamweleza kwamba hiyo ni mise à jour, na wakiiweka simu itakuwa nyepesi.

"Uko hakika?"

"Ndiyo, Mama. Najua."

Hakuwa amewahi kufanya hivyo kwenye simu ya aina ile. Simu yenyewe ilionya kwamba chaji ni ndogo, ikashauri angoje. Mawingu yalikuwa yamefunika vilima na paneli haikutoa nguvu yoyote. Nishimwe aliona kungoja kungemwaibisha mbele ya mama aliyemwamini. Akamwambia aende, arudi kuichukua jioni, kisha akabonyeza kuendelea. Mstari mwembamba ulitembea kwenye kioo mpaka katikati. Hapo simu ikazimika.

Ilipopata chaji tena, ilionyesha jina la kiwanda, ikazimika, ikaonyesha jina, ikazimika. Nishimwe alibonyeza vitufe vya pembeni kwa pamoja, kisha kimoja kimoja. Video moja ilisema aiache itulie. Nyingine ilisema afute kila kitu. Je, simu yenyewe ndiyo iliyoharibika, au ni programu iliyo ndani? Yote aliyowahi kusoma yalimchanganyikia kichwani, na hakujua tena lipi ni la simu gani.

Mama Nyiransengimana alirudi jioni. Nishimwe alisikia mdomo wake ukisema kwamba rezo, yaani mtandao, ni mbaya leo na kazi haijaisha, arudi kesho. Alishangaa jinsi uongo huo ulivyotoka upesi. Mama alishukuru, akateremka kambini.

Siku iliyofuata alikuja tena, akaambiwa jambo lilelile. Aliangalia juu, akaangalia simu za watu waliokuwa wakipita wakiongea bila shida. Alionekana kama mtu aliyepotea njia mahali anapopajua. Emérita, mama yake Nishimwe, alisimulia wakati wa chakula cha mchana kwamba jirani yao alikuwa akizunguka kambi nzima akiuliza kama kuna aliye na namba ya Tumukunde. Hakuna aliyekuwa nayo. Namba ilikuwa ndani ya ile simu tu.

Nishimwe alikiacha chakula chake. "Mama, rezo haina shida," alisema. "Ni mimi njo niliharibu simu. Na sijui namna ya kuitengeneza."

Emérita hakumfokea. Alijifunga kitenge, akamwambia kabla ya kutafuta fundi watakwenda kwa mwenye simu, na atakayesema ni Nishimwe mwenyewe.

Mama Nyiransengimana alisikiliza mpaka mwisho. Kwanza hakuelewa, akauliza kama rezo imerudi. Nishimwe ilimbidi arudie kwamba rezo haikuwa na shida hata siku moja. Yule mama alikaa chini mlangoni.

"Sasa mutoto akipiga, sauti yake inaenda wapi?"

Nishimwe alifungua mdomo. Angeweza kutunga maelezo marefu.

"Sijui, Mama," alisema.

Wote watatu walitembea mpaka Masisi, kwenye kibanda cha Ndayambaje, fundi wa simu. Ndayambaje aliigeuzageuza, akauliza chaji ilikuwa kiasi gani ilipozimika, na Nishimwe akasema ukweli. Fundi alikuna shingo. "Sijui kama itapona. Nitajaribu kuweka programu upya, tuone."

Nishimwe alimtazama. Mtu huyu alizungukwa na simu zilizofunguliwa, na neno lile lilimtoka kwa urahisi, kama anayesema mvua inanyesha.

"Na laini iko wapi?" Ndayambaje aliuliza. Ilikuwa bado humo ndani. Aliichomoa, akaomba simu ndogo ya vitufe ya Emérita, akaiweka humo. Nishimwe aliona aibu. Alijua vizuri kwamba namba anayopigiwa mtu iko kwenye laini, na simu ni ya kuibeba tu. Lakini alikuwa ameshughulika kuificha aibu yake kiasi kwamba hata alichokijua hakukikumbuka.

Walikaa kwenye benchi la nje. Walikaa sana. Mama Nyiransengimana aliishika simu ile kwa mikono miwili, akiitazama tu. Ilipolia, karibu aidondoshe.

Ilikuwa Tumukunde. Alikuwa amepiga mara nyingi, na kila mara simu ilikuwa imezimwa. Alidhani mama yake amekimbia tena, au amepatwa na baya. Kwa hiyo pikipiki ilipoondoka Pinga, alikataa kupanda. Angekwenda kwa nani?

"Niko, mutoto wangu," mama yake alisema. "Niko palepale. Kuja."

Tumukunde alilazimika kungoja pikipiki nyingine, na safari ikachelewa mpaka baada ya siku ya soko. Siku ya kufika kwake Nishimwe alifuatana na Mama Nyiransengimana kumpokea. Msichana alishuka akiwa na matope mpaka magotini, na mama yake alimshika uso. Ndayambaje alikuwa amefaulu kuifufua simu, ingawa picha zote zilikuwa zimefutika. Nishimwe aliomba msamaha kwa ajili ya picha, kwa ajili ya pikipiki ya kwanza, na kwa ajili ya uongo.

Mama Nyiransengimana alimpa simu aibebe, kwa kuwa yeye mkono wake mmoja ulikuwa umemshika binti yake na mwingine ulibeba mzigo.

"Sitakukataza kugusa simu za watu," alisema walipokuwa wakitembea. "Una akili, na tunakuhitaji. Lakini siku haujui, useme haujui. Hapo tutaenda kuuliza pamoja, ao tutangoja. Kungoja nimezoea, Nishimwe. Kudanganywa njo kulinipoteza."