Kichanga Kisicho na Jina

Shoga yangu Doreen, wa hapa hapa Burnley, alikuwa akitafuta mababu kwenye sensa za zamani. Akakuta kichanga kilichoishi nyumba yake hiyo hiyo, kimeandikwa “bado hana jina.”

“Tumpe la mjukuu wangu Tabitha,” akaniambia kwenye simu.

“Doreen, usimchokoze!”

“Muoga wewe!” Akaliandika kwenye chati ya ukoo.

Jioni ile ya Desemba umeme ukakatika. Chini, kwenye stoo ya makaa, kichanga kikalia. Tabitha alikuwa ghorofani akicheza.

“Tabitha! Shuka tuondoke!”

“Abee, bibi!” akajibu toka juu.

Kilio kikanyamaza. Kisha ngazi za stoo zikaanza kulia, kitu kikizipanda taratibu.

“Abee, bibi.”