Pete ya Korongo wa Kamanyola

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Yolande aliteka maji kwenye bomba la mtaa wao wa Kadutu, mjini Bukavu, akafagia uwanja, kisha akamsaidia mama yake, Maman Eulalie, kuwasha makaa. Siku hiyo ya Februari, mwaka 1957, nyumbani palikuwa na mgeni. Rosalie, binti wa baba yake mdogo, alikuwa amefika jana yake kwa lori kutoka Kamanyola. Alileta kikapu cha mihogo na, juu yake, nyama ya ndege iliyokaushwa kwa moshi na kufungwa katika majani ya mgomba.

Walipokuwa wakifagia, Rosalie alitoa mfukoni pete nyepesi ya chuma cheupe, yenye namba na jina la mji wa mbali. Alieleza kwamba aliikuta kwenye mguu wa korongo mweupe aliyekufa katika shamba la pamba. Makorongo wengine walikuwa wamelala karibu yake, nao wamekufa, na majirani waliwachukua; yeye alimchukua yule mwenye pete, na nyama yake ndiyo aliyoileta. Yolande aliomba pete hiyo akawaonyeshe wenzake darasani. Rosalie akampa.

Mwalimu Adalbert aliigeuza pete mkononi kwa muda mrefu, kisha akatabasamu, jambo ambalo wanafunzi hawakulizoea. Aliuliza nani ameipata. Yolande alitaka kumtaja Rosalie, lakini darasa zima lilikuwa likimtazama, hata Modeste, aliyekuwa akiwashinda wote katika mitihani. Akajibu kwamba aliiokota yeye mwenyewe, kando ya ziwa, kwenye mguu wa ndege aliyekufa.

Mwalimu alimsifu, akachora ramani ubaoni na kuweka alama mahali pa Bukavu. Aliwaeleza kwamba katika nchi za mbali kuna watu wanaopanda hadi kwenye viota, na kuwavisha makinda pete zenye namba, kila ndege na namba yake. Ndege akipatikana mahali pengine, wao hujua amepita wapi, ameishi muda gani, na kama jamaa zake wanaongezeka au wanapungua.

“Lakini pete peke yake haisemi kitu,” alisema. “Anayeipata ndiye anayesema: ni wapi, ni siku gani, na ndege alikufaje.”

Akamuuliza Yolande kama korongo alikuwa na jeraha. Yolande hakujua, akasema hapana. Mwalimu alikunja uso. Alisema kuna mashamba yanayopuliziwa dawa ya wadudu, na korongo akila wadudu hao hufa. Mtu akila nyama ya ndege huyo anaweza kuugua vibaya. Ila kando ya ziwa hakuna mashamba ya namna hiyo, basi huenda huyu alichoka tu na safari. Akageukia ubao.

Yolande aliwaza kuomba ruhusa, akimbie nyumbani na kuitupa nyama ile. Hakuna ambaye angejua. Lakini wale makorongo wengine walikuwa katika nyumba za watu wa Kamanyola. Akasimama.

“Mwalimu, nilidanganya. Pete ni ya Rosalie. Ndege alikufa Kamanyola, katika pamba, na wenzake. Nyama iko kwetu.”

Mwalimu hakumkaripia. Aliuliza tu kama kuna mtu aliyekwisha kuila, kisha akamwambia akimbie, na Modeste amsindikize.

Maman Eulalie alikuwa amekwisha kuiweka nyama sufuriani. Yolande alimweleza yote huku akihema. Mama aliipua sufuria, akachimba shimo nyuma ya nyumba na kumwaga kila kitu humo. Rosalie alianza kulia, kwa sababu nyama nyingine ilibaki kwao.

Mchana huo Jean-Baptiste, dereva wa lori lililomleta Rosalie, alirudi Kamanyola na ujumbe wa Mwalimu Adalbert. Alikuta watoto wa jirani mmoja wanatapika. Walipelekwa zahanati wakapona, na nyama yote iliyobaki ikazikwa.

Jumatatu mwalimu alimwita Yolande ubaoni, akamwambia afute alama ya Bukavu na kuiweka mahali pake. Yolande aliiweka katika bonde la mto Ruzizi, penye Kamanyola. Katika barua ya kupeleka habari za pete, mwalimu aliandika jina la Rosalie.

“Mtu mmoja alimvisha ndege pete,” aliwaambia wanafunzi. “Mwingine aliandika namba yake. Wa tatu alimwokota. Watu hawa hawajuani, na hawataonana kamwe. Kazi yao inasimama kwa sababu kila mmoja anaamini kwamba mwenzake amesema kweli. Mmoja akidanganya, hata kwa jambo dogo la kutafuta sifa, wote wanapotea. Na safari hii, watoto wangekufa.”

Kisha akamwambia Yolande aende akaketi.