Kadi Iliyofichwa Drooni

Kila siku baada ya shule tulikwenda kwanza nyumbani kuvua sare, kisha uwanja wa gofu. Tulikuwa wanane. Kocha alitupanga mstari, akakagua tulivyoshika fimbo, halafu kazi ikaanza: mipira hamsini kila mtu, na kuiokota mwenyewe.

Wiki ile hata kazi ilichelewa. Dada mmoja aliyejifunzia hapo utotoni alikuwa ametwaa ubingwa mkubwa kabisa wa gofu, na Kocha hakuwa na neno jingine. "Nilimfundisha mimi, kwa mikono hii!" Alimsimulia mlinzi wa lango, akamsimulia muuza matunda, hata mgeni aliyeuliza tu choo kiko wapi.

Mimi sikuamini. Nyumbani wananiita Mpelelezi, kwa kuwa hata nikipewa yai la kuchemsha nauliza limechemshwa lini. Tena kuna jambo lilinikera: ofisini kwa Kocha zilitundikwa picha za wanafunzi wote waliowahi kushinda kikombe hapo, lakini ya bingwa haikuwepo. Debe tupu haliachi kuvuma, nikajisemea.

Jumanne Kocha alinituma penseli ofisini. Ndani ya droo nikakuta kadi ya zamani ya kuandikia mapigo, imefungwa kwenye nailoni. Juu lilikuwa jina la bingwa. Chini, kwa wino mwekundu na mwandiko wa Kocha: AMEONDOLEWA.

Kwenye gofu hakuna mwamuzi wa kukufuata shimo hadi shimo. Unajihesabia mapigo mwenyewe, na mwenye machache ndiye mshindi; unaaminiwa, kisha unatia sahihi kadi yako. Kumbe bingwa alificha mapigo, na Kocha anajua!

Sikuuliza. Nilimnong'oneza rafiki yangu tu, nikamwambia asimwambie mtu. Naye akamwambia mwenzake vivyo hivyo. Kufikia Alhamisi habari ilikuwa imeota miguu: eti Kocha hufundisha watoto udanganyifu. Ijumaa tulikuja wawili. Kocha alituambia kwa sauti iliyokauka kwamba wazazi wamewatoa wenzetu, na darasa lisipofikisha watoto sita Jumatatu, litafungwa.

Nilipofika nyumbani nilimweleza mama yote, nikitarajia sifa.

"Umemuuliza mwenyewe?"

"Kwani angesema kweli, mama?"

"Utajuaje, na hukuuliza? Vaa viatu."

Tulimkuta Kocha akifuta fimbo. Nilipomtajia kadi aliiweka fimbo chini. Nimemshika, nikawaza. Akachukua simu, akapiga, akaweka sauti kubwa tusikie sote.

"Mwanangu, ile kadi imeonekana. Mwanafunzi wangu aliyeiona yuko hapa na mama yake. Siri ni yako. Niwaambie nini?"

Bingwa alicheka. "Kocha, bado unayo? Acha niseme mwenyewe." Kisha akasema na mimi. "Mdogo wangu, nilikuwa na umri kama wako. Niligusa mpira kwa bahati mbaya, ukasogea. Hakuna aliyeona. Sikuhesabu pigo hilo la adhabu, nikapewa kikombe. Siku tatu chakula hakikunipita kooni. Nikakirudisha, nalia. Ndiyo maana sina picha ukutani. Kocha aliandika hilo neno jekundu, halafu akaniambia nije mazoezini kesho yake. Hakuwahi kumwambia mtu, hata baba yangu. Wasimulie wenzako, nimekuruhusu."

Kocha alifuta machozi bila kujificha. "Ubingwa wake unanifurahisha," alisema, "lakini ninachojivunia hasa ni siku aliyokirudisha kile kikombe."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. "Nisamehe, Kocha."

"Nimekusamehe. Lakini wenzako bado wanaamini ulichowaambia."

Jumamosi mama alinipeleka nyumba sita za wenzangu waliotolewa. Hakunisaidia hata neno moja. Nyumba ya tatu, baba mwenye nyumba alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza, "Na leo tukuamini kwa nini?" Nilisema tu kwamba yule wa kwanza kusema uongo ni mimi, naona aibu, na ampigie Kocha amuulize.

Jumatatu tulikuwa wanane. Kocha alitutazama mmoja mmoja.

"Kushuku si kosa," alisema. "Mimi pia hushuku. Ila ukimshuku mtu, nenda kwake kwanza kabla maneno yako hayajafika kwa jirani yake. Mmenielewa?"

Tuliitika sote, mimi kwa sauti ya chini kuliko wote.