Mteja wa Kwanza wa Toleo la Saba

Ujumbe ulimkuta Tindo akining'inia nje ya dirisha la ghorofa ya nne.

Saa yake ya Casio ilitetemeka. Akang'ang'ania ukingo kwa mkono mmoja, akaugeuza ule mwingine, akasoma.

"Mzigo urudi stoo."

Pale Idarani, kwa wapelelezi wa wizi wa mitandaoni, maneno hayo yalikuwa na maana moja tu. Acha kazi. Rudi ofisini. Usiulize maswali.

Tindo aliyasoma tena, kama mtu anayetaka kuhakikisha kwamba ametukanwa kweli. Kisha akajivuta juu, akaingia ndani.

Alitua kwenye choo cha wanaume. Bwana mmoja aliyekuwa akinawa mikono alimwona mwanamke huyo kwenye kioo, akasahau kufunga bomba. Tindo akamsalimia kwa adabu zote, akamfungia bomba, akatoka.

"Umeipata amri?" Sauti ilikwaruza sikioni mwake. Ilikuwa ya Waya, fundi wa mitambo wa Idara, mtu mzima mwenye upara na maneno machache, aliyejikunyata nyuma ya Toyota iliyoegeshwa chini ya hoteli.

"Nimeipata."

"Na?"

"Na niko ndani."

Waya alivuta pumzi ndefu. "Haya. Basi na mimi redio yangu mbovu tangu asubuhi. Sijasikia amri ya mtu."

Tindo hakumshukuru. Hakuwa na muda wa shukrani.

Maana dada yake alikuwa amelala mahabusu.

Dada huyo, mkubwa kwake, alikuwa akiuza viatu vya watoto kwa mtandao kutoka sebuleni kwake. Hakujua kuchora ukurasa. Kama maelfu ya wenye maduka wenzake, alichukua kiolezo, ukurasa wa malipo uliokwisha kutengenezwa. Unachagua rangi, unaandika jina la duka, unakisogeza kikapu cha manunuzi kulia au kushoto, na kabla chai haijapoa una mahali pa wateja kulipia. Kiolezo alichochukua kilitengenezwa na mtu mashuhuri aliyeitwa Msanii. Kilipendeza kweli. Tatizo ni kwamba mteja alipobonyeza "Lipa Sasa", namba ya kadi yake ilikwenda benki, na nakala yake ikaenda kwa wezi.

Kadi zilikombwa katika maduka mengi, lakini malalamiko ya mwanzo yalitoka duka la viatu. Wataalamu wa Idara wakakijaribu kiolezo kwa kadi ya majaribio, ile isiyo na akaunti nyuma yake, wakakikuta hakina doa. Mkuu wa Idara akakata shauri: kama kiolezo ni kisafi, mchafu ni mwenye duka. Wakubwa walitaka jina, naye akawapa jina. Jioni ya leo lingesomewa mashtaka.

Tindo alimwambia Mkuu kwamba dada yake asingeweza kuiba hata njiti ya kiberiti. Mkuu akamjibu kwamba hiyo ndiyo sababu ya kumwondoa kwenye kesi, akamnyang'anya bastola yake ya Glock na kuifungia kabatini.

Waya peke yake ndiye aliyeng'amua mchezo. Ule uoza ndani ya kiolezo ulilala fofofo ukipewa kadi ya majaribio, ukaamka kwa kadi yenye hela tu. Lakini alipofika kwa Mkuu na habari hizo, Msanii alikuwa amekwisha kukiondoa kiolezo kile, na ushahidi ukaondoka nacho. Leo alikuwa anazindua kingine. Toleo la Saba.

"Wanunuzi wake wa ng'ambo wamo humo," Waya alisema. "Wamekuja kuonja mzigo kabla ya kuuchukua, na mashine ya kupokea nakala wamekuja nayo. Nakala ikitoka nitaiona. Itaingia kiti gani, hapo sitajua. Humo kila mtu ana laptopu."

"Na nikiiona mashine yenyewe?"

"Usikubali ifungwe. Tumewahi kukamata mbili. Zilifungwa tu, zikajifuta. Tulibaki na mabati."

Tindo aliusukuma mlango wa ukumbi.

Mafundi wa kurasa walikuwa wamejaa hadi ukutani. Jukwaani, chini ya taa, alisimama Msanii na suti yake nyeupe, kipaza sauti kidogo kimebanwa kwenye kola. Nyuma yake skrini pana ilionyesha ukurasa mtupu.

Na tusimpunje mtu haki yake: jamaa alijua kazi. Akakiweka kikapu upande mmoja, picha za bidhaa zikionekana mpaka mwisho ili mteja asisahau ananunua nini. Akalifuta swali la tarehe ya kuzaliwa. Kila swali lisilo na maana, alisema, linamfukuza mteja akiwa ameshafungua pochi. Akakipanua kitufe cha kulipia, akakipaka kijani. Watu wakaguna kwa raha. Hata Tindo alijikuta akitikisa kichwa, akajichukia kwa hilo.

Msanii akainua kadi nyeupe ya majaribio. Alisema atanunua kikombe kimoja mbele ya macho yao, kisha atabonyeza kitufe cha kusambaza, na kabla hawajatoka hapo Toleo la Saba litakuwa kwenye maduka yote yanayotumia violezo vyake.

Tindo akasimama.

"Samahani, ndugu. Mteja wa kwanza ni nani?"

Ukumbi ukacheka kidogo. Lilikuwa swali la nyumbani. Mafundi wale wana desturi yao: aliyetengeneza ukurasa wa malipo ndiye hununua kwanza, kwa kadi yake mwenyewe, kabla hajaukabidhi kwa mtu. Ukurasa ambao mwenyewe hajaulipia, kwao ni chakula ambacho mpishi amekataa kuonja. Dada yake Tindo aliisikia desturi hiyo kwa jirani, naye akajinunulia jozi ya viatu dukani mwake. Kadi yake ndiyo iliyotangulia kukombwa. Mkuu alipoambiwa, alisema huo ni ujanja wa mwizi.

"Mteja wa kwanza ndiye huyu," Msanii akajibu, akiipunga kadi nyeupe.

"Hiyo ni ya majaribio. Mimi nauliza ya kwako."

"Dada yangu, tuna ratiba hapa."

"Kulipa kwenye ukurasa wako hakuchukui hata dakika. Si umetuambia hivyo sasa hivi?"

Kicheko cha safari hii kilikuwa kikubwa zaidi. Mama mmoja mwenye miwani, fundi wa siku nyingi kwa jinsi watu walivyomgeukia, akapaza sauti kutoka nyuma. "Jilipie, mwanangu. Sote tunajilipia."

Makofi yakaanza. Msanii akasema pochi ameiacha chumbani. Mtu wa safu ya mbele akamwonyesha kidole: ilikuwa imetuna mfukoni mwake. Angekataa, ukumbi mzima ungejiuliza, na nani angechukua kiolezo cha mtu anayekiogopa mwenyewe? Akatoa kadi. Akaandika namba polepole, kama mtu anayejing'oa jino.

Akabonyeza.

Skrini ikaandika: "Asante kwa kununua."

"Nakala imetoka," Waya akanong'ona. "Imeingia humo humo ndani."

Watu wote walikuwa wakiitazama skrini. Tindo aliwatazama watu.

Ikiwa amekosea, dada yake angezeekea jela, naye angekuwa amempeleka huko kwa mkono wake.

Simu ya Msanii ikanguruma mezani. Benki yake ilikuwa inamtumia ujumbe. Ikanguruma tena. Na tena. Mashine ya wanunuzi wake haikuwa na urafiki na mtu; ikipewa kadi, inakomba. Na ndani ya kadi ile yalikuwemo malipo yote ambayo wanunuzi hao hao walimpa kwa kazi ya Toleo la Saba.

Msanii aligeukia safu ya tatu. Midomo ikamcheza.

"Zima," alinong'ona. "Zima hiyo, zima."

Alisahau kipaza sauti kwenye kola. Spika zote za ukumbi zikasema pamoja naye: zima hiyo, zima.

Safu ya tatu, mgeni mwenye suti ya kijivu alikuwa ameinamia laptopu yake, vidole vikikimbia. Mara akaacha kubonyeza. Akashika kifuniko.

Tindo aliruka.

Alikanyaga kiti, bega la mtu, kiti kingine. Kifuniko kilikuwa kinashuka. Akachomeka mkono wake wa kulia katikati.

Mgeni akakikandamiza kwa uzito wake wote.

Mfupa ulilia. Maumivu yalimpanda Tindo mpaka kwenye meno, machozi yakamtoka bila kuombwa. Hakuutoa mkono. Mgeni akapeleka wake ndani ya koti, ukarudi na Beretta nyeusi.

"Toa mkono," akasema.

"Piga," Tindo akamwambia. "Ukinipiga nitauangukia huu mkono, na bado laptopu yako haitafungika."

Mgeni alisita kidogo tu, akiipima ile hesabu.

Ilitosha. Kiwiko cha kushoto kikamkuta kooni. Bastola ikapiga dari, vumbi la chokaa likawamwagikia. Goti likafuata tumboni. Mgeni akajikunja, Beretta ikateleza chini ya viti, na mtu mwenye busara akaikalia kwa begi lake.

Jukwaani, Msanii aliingia mitini kwa mlango wa nyuma. Hakufika mbali. Mafundi waliokuwa wamesimama ukutani kwa kukosa viti walimrudisha, wawili kila upande, suti nyeupe ikiwa na alama za vidole vya watu wengi. Mmoja wao alimwuliza kwa upole ni kadi ngapi za wateja wake amezila. Na kitufe cha kusambaza Toleo la Saba kilibaki kwenye skrini hakijaguswa na mtu.

Waya aliingia akihema, waya zikimning'inia shingoni. Akachomeka kebo kwenye laptopu. Akasoma, akasoma tena, akamgeukia Tindo.

"Ziko zote humu. Namba za wateja wa duka la viatu zilikuja hapa, moja kwa moja kutoka kwenye kiolezo. Dada yako hakuzigusa." Kisha akauona mkono wake. "Sasa unaweza kuutoa."

"Kwanza nakili," Tindo akasema, huku ameuma meno.

Alipiga simu kwa Mkuu akiwa ameketi kwenye ngazi ya jukwaa, akizungushiwa bandeji na yule mama mwenye miwani.

"Umekaidi amri yangu," Mkuu akasema.

"Ndiyo, mzee."

Mkuu alikuwa mtu wa kupima upepo, na habari za ukumbini zilikwisha kumfika. Sauti yake ikalainika. Akasema yale ya nyuma yasahauliwe, kwamba ataandika alimtuma Tindo kwa siri, kwamba kuna nishani ndani yake kwa wote wawili.

"Andika kwamba ulinikataza."

"Unasemaje?"

"Andika kwamba mwenye duka alikwambia yeye ndiye aliyeibiwa wa kwanza, ukamwita mwongo. Waya ameirekodi sauti yako ukisema hayo, mzee, kwa hiyo usijisumbue kupamba. Na dada yangu atoke sasa, siyo jioni."

"Unanipa amri?"

"Ndiyo," Tindo akasema, akakata simu.

Dada yake alitoka kituoni na jua kali. Gauni lilikuwa limekunjamana, nywele zimesimama upande mmoja, lakini kidevu kilikuwa juu. Alimkumbatia mdogo wake muda mrefu, kisha akamsukuma ili amwone vizuri.

"Mkono umefanya nini?"

"Umebanwa na mlango."

"Mlango gani una meno?"

Tindo akakohoa. Akamwambia apumzike nyumbani, asiwaze habari za duka kwa sasa.

"Nafungua kesho," dada yake akasema.

"Na ukurasa wa malipo?"

"Nachukua kiolezo kingine."

Tindo akasimama palepale barabarani. "Baada ya haya yote?"

"Mdogo wangu, mimi sijui kuchora hata banda la kuku. Nikiviogopa violezo, nitauzaje? Nitapiga kelele dirishani? Kiolezo hakijaniibia. Kuna mtu ameniibia, na mwingine akanifungia kwa hilo."

"Wateja watakuogopa."

"Waogope. Nitaandika juu kabisa, kabla ya kikapu, kwamba waliibiwa dukani kwangu, na mimi niliibiwa kabla yao. Na kila mwezi nitajinunulia kiatu kwa kadi yangu, waone. Asiyetaka, apite."

Simu ya Tindo ikaanza kuita. Jina la Mkuu lilikuwa limejaa kwenye kioo.

"Unapigiwa," dada yake akasema.

"Atapiga tena."

Akaitumbukiza mfukoni ikiwa bado inalia, akamshika dada yake mkono kwa ule wake mzima, wakavuka barabara bila haraka.