Sifuri ya Jedwali la Pili

Kila asubuhi, kabla jua halijawa kali, Mama Mizani alikuwa zizini. Kazi yake ilikuwa kupima mbuzi wa kituo cha utafiti wa mifugo. Alimkamata mbuzi mmoja mmoja, akamvisha mkanda kifuani, akamning'iniza kwenye mizani. Kisha alisoma namba ya sikioni na kuandika uzito kwenye daftari lenye jalada gumu.

Alikuwa ameifanya kazi hiyo kwa miaka kumi na sita. Watu walikuwa wamelisahau jina alilopewa na wazazi wake. Hata mumewe, fundi seremala, alimwita Mama Mizani, hasa wakati wa chakula. "Leo umenipunja," alikuwa akisema huku akitazama sahani. "Hebu rekebisha mizani yako isome vizuri."

Mkuu wa utafiti pale kituoni alikuwa daktari wa mifugo. Kila mtu alimwita Daktari tu. Alikuwa mtu mwenye maneno matamu, na viatu vyake havikujua tope. Siku moja alimwita Mama Mizani ofisini.

"Ile kazi yetu ya dawa ya minyoo imechapishwa," alisema. "Imo kwenye jarida la kisayansi. Nimeweka jina lako. Wewe ni mwandishi wa tatu."

"Mimi, Daktari? Mbona sijaandika kitu?"

"Umepima mbuzi mwaka mzima. Pokea heshima yako."

Akampa nakala. Zilikuwa kurasa tisa za Kiingereza, lugha ambayo Mama Mizani aliisoma kwa kudonoadonoa. Alilitafuta jina lake, akaliona. Alitabasamu njia nzima mpaka nyumbani.

Mumewe aliiacha randa juu ya ubao na kwenda kuwaambia majirani kwamba ameoa mwandishi. Binti yao, aliyekuwa akisomea ualimu akitokea nyumbani, aliupiga picha ukurasa wa kwanza akautuma kwa ndugu wote. Makala ikawekwa kabatini, pamoja na vyombo vya wageni. Hakuna aliyeisoma.

Miezi mitano ikapita.

Jumapili moja mchana, wifi yake alikuja. Alikuwa dada wa mumewe, mfugaji mwenye mbuzi wapatao thelathini. Siku zote alikuwa akianza na utani. Siku hiyo hakutania, na alipokaribishwa kiti hakukaa.

"Wifi, mbuzi wangu tisa wametupa mimba ndani ya wiki moja," alisema. "Tisa. Vitoto havijaota hata manyoya. Nimevizika mwenyewe."

"Wamekula nini?"

"Hawajala kitu cha ajabu. Niliwapa dawa ya minyoo, dozi maradufu, kama alivyotuelekeza afisa mifugo."

"Dozi maradufu? Mbuzi wenye mimba? Nani kamwambia hivyo?"

Wifi alimkodolea macho kama anayemtazama mtu aliyerukwa na akili. "Si ninyi? Afisa alituonyesha karatasi mkutanoni. Ina jina lako. Mimi nikasimama mbele za watu nikasema, huyo ni wifi yangu, anajua anachokisema."

Mama Mizani alikuwa ameliona jambo hilo kwa macho yake. Pale kituoni, mbuzi ishirini wenye mimba walipewa dozi maradufu. Kumi na mmoja wakatupa mimba ndani ya siku kumi. Alikuwa amemwandika kila mmoja kwa namba yake ya sikioni. Alimwonyesha Daktari ukurasa huo, na Daktari akasema, "Nimeona. Endelea."

"Ilete ile makala," alimwambia binti yake. "Nitafutie panaposema habari za mimba."

Binti alifunua kurasa mpaka kwenye jedwali la pili. Kidole chake kilishuka taratibu, kikasimama.

"Hapa. Mbuzi waliotupa mimba baada ya kupewa dozi maradufu. Sifuri."

"Soma tena."

"Sifuri, mama. Na hapa chini wanasema dozi maradufu ndiyo inayofaa, na ni salama kwa mbuzi wote."

Mama Mizani aliinama akatazama mwenyewe. Namba haikuhitaji kutafsiriwa. Duara dogo lilikuwa limekaa pale palipostahili kuwa na kumi na moja. Mumewe alikuwa mlangoni, vumbi la mbao nyweleni.

"Wifi," mgeni alisema polepole, "ulijua?"

"Sikujua. Sikuisoma."

Jibu hilo lilimchoma aliyelitoa kuliko aliyelisikia.

Alasiri hiyohiyo, Mama Mizani na wifi yake walikwenda nyumba ya tatu, kwa jirani yao aliyekuwa mkutubi wa chuo. Mkutubi alikuwa akianika nguo. Alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza mtu, akafuta mikono, akafungua kompyuta yake.

"Tuanze na lililo la haraka," alimwambia wifi. "Leo hii nenda kwa afisa mifugo. Mwambie asitishe hiyo dozi kwa mbuzi wenye mimba. Hayo mengine yanaweza kungoja, hilo haliwezi."

Wifi aliondoka bila kuaga. Mkutubi akamgeukia Mama Mizani.

"Jarida hili huweka wazi maoni ya wahakiki. Unawajua wahakiki?"

"Sijawahi kuwasikia."

"Makala ikifika, mhariri huituma kwa wataalamu wa fani ileile. Hao ndio wahakiki. Wanaisoma kwa makini na kuuliza maswali. Wanatakiwa kusema ukweli hata kama utamkera mwandishi, na kutunza siri. Hawaruhusiwi kuiba wazo la mtu, wala kuikalia kazi yake kwa wivu. Na mhakiki akiwa ndugu au rafiki wa mwandishi, au wakiwa wanagombea kitu kimoja, amwambie mhariri mapema na ajitoe."

Akageuza kompyuta ili wote waone. Mhakiki wa kwanza alikuwa ameandika maneno sita: kazi nzuri sana, ichapishwe kama ilivyo. Chini yake palikuwa na jina.

Mama Mizani alilisoma mara mbili. "Huyu namjua. Ni shemeji yake Daktari. Kamwoa dada yake. Huja kituoni wakati wa sikukuu kuchukua mbuzi."

Mkutubi alivua miwani. Miaka yote ya kazi yake, hilo alikuwa hajawahi kukutana nalo karibu namna hii. "Basi huyo hakuhakiki kitu," alisema. "Amemfungulia ndugu yake mlango. Tumtazame wa pili."

Mhakiki wa pili alikuwa ameandika ukurasa mzima. Aliuliza ni mbuzi wangapi walikuwa na mimba, na iliwatokea nini. Aliomba takwimu zote kama zilivyoandikwa zizini. Chini yake palikuwa na jibu la Daktari, na mkutubi akalitafsiri: "Waandishi wote tumelikagua daftari. Hakuna mbuzi aliyetupa mimba."

"Waandishi wote ni akina nani?" Mama Mizani aliuliza.

"Ni watatu. Wewe ni mmoja wao."

Nguo kwenye kamba zilikuwa zikidondosha maji.

"Kwa hiyo nimesema uongo bila kufungua mdomo," Mama Mizani alisema.

"Nitakwambia kweli, jirani, usinichukie," mkutubi alisema. "Mwandishi wa makala si yeyote aliyepita karibu na kazi. Ni yule aliyechangia, akaisoma yote, akaikubali, na yuko tayari kuijibia. Jina haligawiwi kama peremende. Daktari amekosa mara mbili, kubadilisha namba na kuweka jina lako bila idhini yako. Lakini na wewe una sehemu yako. Ulipewa kurasa tisa, ukasoma mstari mmoja."

Maneno hayo yalimwingia.

Asubuhi ya Jumatatu alikwenda kwa Daktari. Alimwomba awaandikie jarida yeye mwenyewe na kusahihisha. Daktari alifunga mlango.

"Zile mimba zingetoka tu," alisema. "Kulikuwa na baridi."

"Mbuzi ishirini wengine wenye mimba walilala zizi hilohilo, kwenye baridi hiyohiyo. Hawakupewa dawa. Hakuna aliyetupa."

Daktari alitazama dirishani. "Nilikuwa nasubiri kupandishwa cheo. Nilitaka makala isiyo na maswali." Kisha sauti yake ikabadilika. "Na jina lako limo humo. Nikizama mimi, tunazama wote."

Mama Mizani alifungua mlango akatoka. Kwa miaka kumi na sita alikuwa akimwamkia mtu huyu kila asubuhi. Sasa aliona hakuwa akimjua kabisa.

Nyumbani, mumewe alikuwa na hofu. "Wakikufukuza je?"

"Na mbuzi wa dada yako je? Na wengine ambao hatujawasikia?"

Seremala alizungusha penseli nyuma ya sikio. "Andika," alisema. "Kama ni kula, tutakula maranda."

Waliandika barua pamoja na mkutubi, na binti akaitia kwenye Kiingereza. Haikuwa na matusi. Ilisema hivi: "Mimi ni mwandishi wa tatu. Sikuisoma makala kabla wala baada ya kuchapishwa. Hilo ni kosa langu. Mbuzi kumi na mmoja walitupa mimba, na mimi nilikuwepo. Nakala za kurasa za daftari hizi hapa. Aidha, mhakiki wa kwanza ni shemeji wa mwandishi mkuu."

Mhariri alijibu siku ya nne. Naye alikuwa ameshtuka, na hakuficha. Siku hiyohiyo aliweka tangazo la tahadhari juu ya makala, ili yeyote atakayeifungua alione kwanza. Kituo kikaunda kamati. Mama Mizani aliitwa, akajibu maswali. Daktari alikana. Kisha mwandishi wa pili, fundi wa maabara, akakiri kwamba na yeye hakuwahi kuisoma makala wala kuulizwa lolote. Hapo Daktari hakuwa tena na pa kukimbilia.

Baada ya miezi mitatu makala ilifutwa, na sababu ikaandikwa waziwazi. Shemeji aliondolewa kwenye orodha ya wahakiki. Daktari alivuliwa uongozi wa utafiti. Mama Mizani hakufukuzwa, ila alipewa onyo la maandishi kwa kukubali jina bila kusoma. Alilipokea. Wafanyakazi wawili waliacha kumsalimia, na mmoja wao hamsalimii mpaka leo.

Afisa mifugo naye alizunguka zizi kwa zizi akitangaza maelekezo mapya. Mbuzi mwenye mimba asipewe dozi ile, asubiriwe mpaka azae. Katika mizunguko hiyo aligundua familia nyingine saba zilizopoteza vitoto. Wote walikuwa wamedhani ni bahati mbaya yao wenyewe.

Wifi alikaa wiki nyingi bila kuja. Msimu uliofuata alitokea, akasimama mlangoni. "Wamezaa wote," alisema. "Wawili wamezaa pacha." Safari hii alikubali kiti.

Kituo kilipata mkuu mpya wa utafiti, mama mmoja mkimya aliyekuwa akivaa mabuti. Aliiandika kazi upya kwa namba za kweli. Dawa inaua minyoo vizuri, ilisema, lakini ni hatari kwa mbuzi wenye mimba. Siku moja alileta makala zizini, pamoja na fomu ya kila mwandishi kutia saini.

"Kalamu hii hapa," alisema.

"Nipe wiki moja," Mama Mizani alijibu.

Kwa wiki nzima, kila alasiri, binti alisoma na mama akafuata kwenye daftari, mstari kwa mstari. Siku ya tano alimsimamisha.

"Hapo wamesema mbuzi mmoja aliuzwa. Hakuuzwa. Alikufa, na nilimwandika."

Mkuu mpya alilipokea sahihisho bila kununa. Alirekebisha sentensi, akachapa ukurasa upya, akaurudisha. Mama Mizani aliusoma wote, kuanzia juu. Ndipo akaomba kalamu.