Aproni ya Stoo ya Mvinyo

Msinibishie, haya nimeyashuhudia mwenyewe, maana mchana ule nilikuwa baa ya hoteli ile kubwa nakata ndimu za kokteli, na kwa kukata ndimu sijaona mpinzani.

Rafiki yangu Mapovu, mhudumu wa baa, aliagizwa shampeni na mgeni. Stoo ya mvinyo iko chini, baridi yake ya jokofu, na komeo la mlango wake liko nje tu. Ndiyo maana anayeingia hutundika aproni kwenye kitasa: ukiiona, usifunge. Mwaka jana aproni ya shemeji yake ilidondoka, Mapovu akapita akafunga. Shemeji alikutwa asubuhi, baridi imeshammaliza.

"Nishukie wewe, ndugu yangu," aliniomba.

"Mwanamume mzima unaogopa chupa?"

Akashuka. Mgeni alipochoka kungoja, nikamfuata, nikamkuta sakafuni, kucha zimevunjika. Alininong'oneza kwamba taa ilizimika, kisha gizani kizibo kikafyatuka, poo! Komeo likateleza polepole, krrr, na sauti nje ikasema, "Shemeji, nami nilikuita hivihivi." Alipiga kelele wee, na sisi juu tunagonganisha glasi.

Tangu siku ile hajatamka neno. Dada yake, mjane wa yule shemeji, humlisha kwa kijiko, na madaktari wameshanyoosha mikono.

Haya, nakiri: maneno ya shemeji nimeyatia mimi, hadithi inoge. Lakini komeo nililifungua kwa mkono wangu huu, na kwenye kitasa zilining'inia aproni mbili, moja imekakamaa kwa barafu.